Kompyuta kuukuu kwenye mtandao wa chuo: sababu za kukataliwa na namna ya kuiunganisha kwa usalama

Muhula mpya unapoanza katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, tukio moja hujirudia. Mwanafunzi ameketi kwenye kibaraza cha maktaba, kompyuta mpakato ikiwa magotini. Simu ya mwenzake imeungana na mtandao wa chuo usiotumia waya kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kompyuta yake, aliyoachiwa na kaka yake au aliyoinunua mtumba, inaliona jina la mtandao, inauliza nenosiri, kisha inauliza tena, na tena, mpaka inakata tamaa.

Hasara yake si ndogo. Mihadhara, kazi za muhula, taarifa za ada na matokeo ya mitihani siku hizi hupatikana mtandaoni. Asiyeweza kuingia kwenye mtandao wa chuo hulazimika kununua bando kwa fedha yake mwenyewe, au kusubiri zamu katika chumba cha kompyuta. Mara nyingi anayemiliki kompyuta kuukuu ndiye pia asiyekuwa na fedha ya bando.

Makala haya yanaeleza kwa nini mitandao ya vyuo huzikataa kompyuta za zamani, jinsi ya kutambua mahali tatizo lilipo, hatua za kufuata, na kosa moja ambalo halipaswi kufanywa hata pale subira inapokwisha.

Mlango wenye bawabu

Mtandao wa nyumbani au wa mkahawa kwa kawaida hulindwa kwa nenosiri moja linalotumiwa na watu wote. Anayelijua huingia, akilitoa kwa jirani, naye huingia. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi hakiwezi kuendeshwa hivyo. Kwa sababu hiyo vyuo vingi hutumia utaratibu uitwao WPA2-Enterprise, ambamo kila mtu huingia kwa jina lake na nenosiri lake.

Utaratibu huo una wahusika watatu. Wa kwanza ni kompyuta inayoomba kuingia. Wa pili ni kile kifaa chenye antena kilichotundikwa darini au ukutani, ambacho kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: hakijui majina ya watu, hupeleka tu maombi ndani na kusubiri jibu. Wa tatu ni seva ya uthibitisho, ambayo ndiyo bawabu hasa, kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyo na orodha ya wanaoruhusiwa.

Kabla mwombaji hajatoa nenosiri, seva humwonyesha cheti chake cha kidijitali, kithibitisho kwamba ni seva ya chuo kweli. Kompyuta hukikagua cheti hicho, na ikiridhika, pande mbili hufungua njia ya siri baina yao. Nenosiri hupita ndani ya njia hiyo, mbali na macho ya waliopo hewani.

Mtandao mashuhuri zaidi wa aina hii ni eduroam. Wazo lake lilitolewa mwaka 2002 na Klaas Wierenga, aliyekuwa akifanya kazi katika SURFnet, shirika la mtandao wa elimu la Uholanzi. Leo unapatikana katika nchi zaidi ya 100. Nchini Uganda unasimamiwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu ulioanzishwa mwaka 2006. Nchini Kenya unasimamiwa na KENET, iliyoanzishwa mwaka 1999. Uzuri wa eduroam ni kwamba mwanafunzi wa Makerere anayezuru chuo kikuu jijini Nairobi huingia kwa jina na nenosiri lilelile la nyumbani. Ombi lake husafirishwa hadi kwenye seva ya chuo chake, nayo ndiyo inayotoa jibu. Chuo mwenyeji hakilioni nenosiri lake hata kidogo.

Ulinzi huo una gharama. Ili mazungumzo hayo yafanyike, kompyuta na seva sharti zielewane lugha, na lugha hiyo imebadilika mara kadhaa.

Kwa nini umri wa kompyuta una maana

Ulinzi wa kwanza wa mitandao isiyo na waya, WEP, ulikuja na viwango vya mwaka 1997. Kufikia mwaka 2001 watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha namna ya kuuvunja. WPA ilifuata mwaka 2003 kama kiraka cha muda, kisha mwaka 2004 kikapitishwa kiwango kilichozaa WPA2. Tangu Machi 2006, kila kifaa kipya kilichotaka nembo ya Wi-Fi kilitakiwa kuiweza WPA2. Basi kompyuta iliyotengenezwa kabla ya mwaka huo huenda ina kadi ya mtandao isiyoweza kabisa kuutumia ulinzi wa chuo.

Jambo la pili ni masafa. Kadi nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, ilhali vyuo vingi vimehamishia uzito wa mitandao yao kwenye gigahezi 5, yenye nafasi pana na msongamano mdogo. Tena, wasimamizi wengi wa mitandao huzima kasi za chini za mwaka 1999 kwa sababu kifaa kimoja kinachojikongoja huwachelewesha wote. Kadi isiyojua kasi nyingine hubaki nje.

Jambo la tatu ni mfumo endeshi. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, haikuifahamu WPA2 tangu mwanzo. Uwezo huo uliongezwa baadaye, na umo katika toleo la masahihisho la tatu la mwaka 2008. Msaada wa Microsoft kwa XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Ule wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kukoma kwa msaada hakuzimi kompyuta, lakini kuna maana kwamba nyufa mpya za usalama hazizibwi tena kwa utaratibu wa kawaida.

Jambo la nne, na ndilo linalowatatiza wengi zaidi, ni ile njia ya siri. Hujengwa kwa itifaki iitwayo TLS. Matoleo yake ya 1.0 na 1.1 yalitangazwa rasmi kuwa yamepitwa na wakati mwezi Machi 2021, na seva nyingi sasa hudai toleo la 1.2 au la juu zaidi. Windows XP haina toleo hilo. Windows 7 hulipata kwa sasisho lililotolewa mwaka 2014, lakini kulisakinisha peke yake hakutoshi: lazima pia mpangilio ubadilishwe ndani ya rejista ya mfumo, kazi inayomfaa fundi mwenye uzoefu. Hiyo ndiyo sababu kompyuta iliyokuwa ikiungana vizuri mwaka juzi inaweza kukataliwa leo ingawa mwenyewe hakugusa kitu. Yaliyobadilika yako upande wa seva.

Imekwama wapi?

Kabla ya kubonyeza huku na huko, ni vyema kutazama kompyuta inashindwa katika hatua ipi. Kila hatua huelekeza kwenye chanzo chake.

Ikiwa jina la mtandao halionekani kabisa, huku simu za wengine zikiliona mahali palepale, shaka ielekezwe kwenye kadi ya mtandao au masafa.

Ikiwa jina linaonekana lakini kompyuta inakataa kabla ya kuuliza chochote, huenda kadi au programu inayoiendesha haiujui ulinzi wa WPA2.

Ikiwa inauliza nenosiri mara kwa mara, kosa mara nyingi limo katika jina la mtumiaji au katika mipangilio, mbali ya nenosiri lenyewe.

Ikiwa inalalamikia cheti, itazamwe saa ya kompyuta kwanza, kisha vyeti vilivyohifadhiwa ndani yake.

Ikiwa imeungana lakini kurasa hazifunguki, uthibitisho umekwisha kupita, na tatizo ni jingine kabisa. Aghalabu ni anwani ya mtandao iliyowekwa kwa mkono zamani na kusahaulika, au kivinjari kilichozeeka.

Hatua za kufuata

Ya kwanza ni tarehe na saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo bapa yenye umbo la sarafu, ambayo huiendesha saa hata umeme unapokatika. Baada ya miaka kadhaa betri hiyo hufa, na kompyuta ikiwashwa hurudi kwenye tarehe ya kale. Kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2009 itakiona cheti cha seva kuwa hakijaanza kutumika, na itakikataa. Rekebisha tarehe, mwaka na saa za eneo, kisha jaribu tena. Saa ikipotea kila unapoizima kompyuta, mpelekee fundi abadilishe betri hiyo. Haina bei kubwa.

Ya pili ni kuujua mfumo ulio nao. Tazama toleo la mfumo endeshi na masahihisho yaliyowekwa. Ukiwa na XP au Vista, usipoteze siku nzima ukibadili mipangilio: nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya makala haya. Ukiwa na Windows 7, kwanza hakikisha masasisho yote yaliyotolewa wakati wa uhai wake yamo.

Ya tatu ni programu inayoiendesha kadi ya mtandao. Kadi inaweza kuwa na uwezo ambao programu yake ya zamani haiutumii. Tafuta toleo jipya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, ukitumia kompyuta nyingine na kulibeba kwenye flashi. Epuka tovuti zinazoahidi kusasisha kila kitu kwa mbonyezo mmoja, kwani nyingi huja na programu chafu.

Ya nne ni kufuta kumbukumbu ya zamani. Kompyuta huhifadhi mipangilio ya kila mtandao iliowahi kuungana nao, na mipangilio mibovu hurudiwa kila mara. Usahaulishe mtandao huo, kisha anza upya.

Ya tano ni kutumia programu ya usanidi ya chuo iwapo ipo. Taasisi nyingi zilizo kwenye eduroam zina programu ndogo iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wao, ambayo huweka cheti sahihi na jina sahihi la seva kwa pamoja. Ichukue kwenye ukurasa wa kitengo cha TEHAMA cha chuo chako tu. Programu ya chuo kingine haitakufaa, hata kama jina la mtandao ni lilelile.

Ya sita, iwapo hakuna programu inayoikubali kompyuta yako, ni kuunda mtandao kwa mkono. Andika jina la mtandao kama lilivyo, herufi kwa herufi. Eduroam huandikwa kwa herufi ndogo zote. Chagua ulinzi wa WPA2-Enterprise na usimbaji wa AES. Njia ya uthibitisho chagua ile iliyotajwa na chuo chako. Katika vyuo vingi ni PEAP pamoja na MSCHAPv2. Chuo kinachotumia EAP-TTLS kitawatatiza wenye Windows 7, maana mfumo huo hauna njia hiyo ndani yake na huhitaji programu ya ziada. Acha ukaguzi wa cheti ukiwa umewashwa, na uandike jina la seva ya chuo mahali palipotengwa.

Hapo pana mtego uliowanasa wengi. Katika XP na Windows 7, mipangilio ya MSCHAPv2 ina kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama, kinachoiagiza kompyuta itumie jina na nenosiri la kuiwashia kompyuta yenyewe. Kisipoondolewa alama, seva ya chuo hupokea jina la kaka aliyekuachia kompyuta badala ya lako, na kukukatalia bila maelezo. Ondoa alama hiyo.

Ya saba ni jina la mtumiaji. Katika eduroam, namba ya usajili peke yake haitoshi. Jina huandikwa kikamilifu, pamoja na alama ya @ na anwani ya chuo, kama anwani ya barua pepe. Sehemu inayofuata alama hiyo ndiyo inayoziongoza seva kujua ombi lipelekwe chuo gani. Ikikosekana unaweza kuingia ukiwa nyumbani, kisha ukakataliwa siku utakapozuru chuo kingine. Kwa hiyo zoea kuliandika jina kamili tangu siku ya kwanza, na ujaribu ukiwa chuoni kwako kabla ya kusafiri.

Kosa lisilopaswa kufanywa

Baada ya kuhangaika saa nzima, mtu hushauriwa na rafiki aondoe alama kwenye kisanduku cha kukagua cheti cha seva. Naam, mara nyingi kompyuta huungana papo hapo. Lakini ushauri huo ni sawa na kumwambia mwenye nyumba aache kuuliza nani anabisha hodi.

Jina la mtandao si siri wala si mali ya mtu. Yeyote mwenye kompyuta na antena anaweza kutangaza mtandao uitwao eduroam kutoka kwenye mkahawa ulio mkabala na lango la chuo. Kompyuta inayokagua cheti itagundua kwamba bawabu huyo ni wa bandia na kuondoka. Isiyokagua itamkabidhi maelezo ya uthibitisho. Itifaki ya MSCHAPv2 peke yake haiwezi kukulinda hapo: mwaka 2012 watafiti wa usalama, Moxie Marlinspike na David Hulton, walionyesha hadharani kwamba ulinzi wake huvunjika kwa kutafuta ufunguo mmoja tu wa mtindo wa zamani. Kinachokulinda ni ile njia ya siri, na njia ya siri ina maana pale tu unapojua aliye upande wa pili.

Tukumbuke pia kwamba nenosiri la mtandao wa chuo mara nyingi ndilo hilohilo la barua pepe, la kuwasilishia kazi na la kusajili masomo. Anayeliiba haibi intaneti ya mchana mmoja, bali huingia katika jina lako. Ikiwa umewahi kuungana bila ukaguzi, badilisha nenosiri lako leo, kisha weka mipangilio upya.

Kompyuta ikishindwa kabisa

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Zipo njia nne halali kwa kompyuta isiyoweza kuungana kama ilivyo.

Njia ya kwanza ni waya. Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina tundu la waya wa mtandao ambalo mpya hazina. Ulizia maktaba au kitengo cha TEHAMA iwapo pana meza zenye soketi za mtandao zinazoruhusiwa kwa wanafunzi.

Njia ya pili ni kadi ndogo ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB. Chagua inayosikia gigahezi 2.4 na 5, na uhakikishe kabla ya kulipa kwamba mtengenezaji anautaja mfumo endeshi wako. Fahamu hata hivyo kwamba kadi hiyo hutibu kadi mbovu tu. Haiwezi kuiongezea XP toleo la TLS isilokuwa nalo.

Njia ya tatu ni kubadili mfumo endeshi. Matoleo mepesi ya Linux, kwa mfano Lubuntu au Linux Mint yenye muonekano wa Xfce, hutolewa bure na huzijua itifaki za sasa. Kwa kompyuta isiyobeba Windows mpya, hii ndiyo tiba ya kudumu kuliko zote. Hifadhi faili zako kwanza. Kagua pia aina ya kichakataji: matoleo mengi ya sasa hayawekwi tena kwenye mashine za biti 32; Debian 12 ya mwaka 2023 bado iliziruhusu, Debian 13 ya mwaka 2025 haiziruhusu. Anza kwa kuuendesha mfumo kutoka kwenye flashi bila kuusakinisha, ili uone kama kadi yako ya mtandao inatambuliwa.

Njia ya nne ni simu. Simu ya Android ya miaka ya karibuni inaweza kuungana na mtandao wa chuo kwa utaratibu kamili, kisha ikaupitisha kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Baadhi ya vyuo hukataza kuugawa mtandao, kwa hiyo uliza kwanza. Na mfumo uliokwisha kuachwa na mtengenezaji usiutumie kwa mambo ya fedha, hata kama umepata njia ya kuingia mtandaoni.

Unapokwenda kwa mafundi wa chuo

Mafundi wengi hupokea lalamiko moja, kwamba mtandao haufanyi kazi, nalo haliwasaidii. Nenda na mambo manne yaliyoandikwa: toleo la mfumo endeshi, maneno kamili ya ujumbe wa kosa, saa na dakika uliyojaribu mara ya mwisho, na anwani ya kadi yako ya mtandao, yaani zile herufi na tarakimu 12 zinazoitambulisha. Kwa saa na anwani hiyo, fundi anaweza kufungua kumbukumbu za seva na kuona kama ombi lako lilifika, na lilikataliwa kwa sababu gani. Iwapo halikufika, tatizo liko kwenye kompyuta yako au hewani. Iwapo lilifika, tatizo liko katika jina, nenosiri au itifaki. Usimpe yeyote nenosiri lako, hata fundi. Mwenye kazi halali halihitaji.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Kitengo kinachopanga kuzima itifaki ya zamani hufanya jambo la haki kwa usalama wa wote, lakini ni haki pia kuwatangazia wanafunzi mapema, kabla ya majuma ya mitihani, na kuwatengea meza zenye waya wale ambao kompyuta zao zitaachwa nyuma.